Mkanda wa Bwana Harusi

Kaptembwo, Nakuru
Jumamosi, 3 Februari 2024

Dalmas wangu,

Nimeharibu karatasi mbili kwa kuandika "Nangila Sitati, Nangila Sitati" pembeni, kama mtoto aliyenunuliwa kalamu mpya. Usinicheke. Jina lako bado halijanizoea, na mimi sitaki linizoee haraka.

Najua ungeniuliza kwa nini nisingoje unipigie Jumapili jioni. Lakini simu yako unaiacha kwenye geti la kazini siku nzima, na jioni ukinipigia, Mama Travis anakohoa upande wa pili wa mabati nami najua anasikiliza. Kwenye simu unasema "niko sawa" na mimi nasema "niko sawa," halafu salio linaisha. Kwenye karatasi naweza kukuambia kwamba nililala na koti lako la mvua, lile linalonuka moshi wa kuchomelea, na kwamba asubuhi nililikunja kama mwizi kabla sijafungua mlango. Kwa hivyo tufanye kama tulivyoapa Desemba. Barua ziende na lori la mboga la Muiruri, Jumamosi kwa Jumamosi, na za kwako zirudi naye.

Pamoja na barua hii kuna kontena la chakula. Ni kuku wa kienyeji, nimemkaanga mpaka ngozi ikalia. Chini yake kuna chapati, nazo sikuzionea huruma kwa mafuta. Ukifungua, funga macho kwanza, uvute harufu. Hiyo ndiyo nyumba yetu.

Unakumbuka ule mkanda wa ngozi waliokuvisha kina mama wa kanisa siku ya harusi? Mama Immaculate alivyosema mbele ya watu wote: "Bwana harusi, leo tunakufunga tundu la kati. Tukirudi Pasaka tutauliza mkanda. Usiposogea nje, huyu msichana hajui kupika." Watu walicheka, hata mimi nilicheka. Lakini Jumapili iliyopita baada ya ibada wameniuliza tena, na safari hii hakuna aliyecheka sana. Huku mume ndiye cheti cha mke. Kwa hivyo kula, mpenzi. Kula uninenepee. Kila ukinenepa kidogo nitajua kuna sehemu yangu imefika huko Naivasha na imekaa nawe.

Nyumba ni chumba kimoja lakini bila wewe ina pembe nyingi mno.

Wako, mpaka nimalize kuzeeka,
Nangila


Naivasha
10 Februari

Nangi,

Kuku ameliwa mpaka mifupa ikawa myeupe. Chapati pia. Hakuna kilichobaki, hata Owino ninayeishi naye chumba kimoja ni shahidi.

Kazi ni nyingi. Wameleta mabomba mapya ya kutoka visima vya mvuke na sisi wachomeleaji tunaunga kutwa, mvuke ukipuliza nyuma yetu kama treni isiyoondoka. Mwisho wa mwezi sitaweza kuja, wameniandika ovataimu, kazi ya saa za ziada. Usihuzunike.

Mimi si mtu wa maneno mengi kama wewe. Lakini barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya bomba wakati wa chakula cha mchana, wenzangu wakiniita "bwana harusi, imba basi." Nimeiweka ndani ya kofia ya kazi.

Labda wiki ijayo usijisumbue kutuma vingi. Siafu wa huku ni wabaya, wanaingia kila mahali.

Wako,
Dalmas


Kaptembwo
Jumamosi, 24 Februari

Dalmas wangu,

Kuhusu siafu, nimeshawapatia dawa. Kontena la leo nimelifunga kwa nailoni na mpira wa kufungia nywele. Ndani kuna mandazi, nyama ya kukausha kwa mafuta yake yenyewe, na kitu cha thamani kuliko mimi: samli ya mama yangu. Alituma kutoka nyumbani kwenye chupa ya sosi, akasema, "Mpe mkwe wangu aweke juu ya ugali moto." Unajua hawezi kukuambia mwenyewe, kwa heshima zetu hawezi hata kukaa meza moja nawe. Kwa hivyo hiyo samli ndiyo salamu yake. Ukiila, umempa mkono.

Sasa nikuulize kitu, na usikasirike. Jumamosi iliyopita Muiruri alipokuja kuchukua kontena aliegemea mlango wa lori akaniambia, "Bibi ya Dalmas, unamlisha bwana yako karatasi? Ule mtu amekonda. Shati inamvaa yeye."

Nilimwambia ni jua la huko. Nikacheka. Kisha nikarudi ndani nikakaa kitandani na kusahau sufuria motoni, vitunguu vikaungua. Mama Travis akaniita kupitia ukutani: "Mwali, unapika au unachoma takataka?"

Dalmas, chakula changu hakikupendezi? Niambie. Kama mafuta ni machache nitaongeza. Mchana nafuma sweta za shule na mashine inapiga kelele, kwa hivyo sina muda wa kuwaza. Ila giza likiingia kila nyumba ya kupanga humu kwenye ploti inasikika ikikaanga, na mimi nakaanga pia ingawa niko peke yangu, ili wasikie kwamba hapa pia kuna mtu aliyeolewa. Halafu nakula nikiwa nimekitazama kiti chako.

Nakupenda mpaka natia aibu,
Nangila


Naivasha
2 Machi

Nangi,

Muiruri ni dereva, si daktari. Ni joto tu. Mtu akisimama karibu na mvuke siku nzima maji ya mwili yanakwisha.

Chakula chako kinanipendeza kuliko chochote. Mwambie mama, kwa njia ile inayofaa, kwamba samli imefika na nimeshukuru.

Pasaka nitakuja. Nimeahidi.

Dalmas


Kaptembwo
Jumatano, 3 Aprili

Dalmas,

Nimeandika barua hii kichwani tangu ulipoondoka.

Nilikungoja kwa Pasaka kama mtu anayengoja mvua. Nilisuka nywele, nikaosha sakafu mpaka saruji ikang'aa. Ulipoinama kuingia mlangoni niliona kweli umepungua, lakini nilifurahi mno nikaiacha hiyo habari nje. Kina mama walipokuja Jumapili alasiri nilitandaza meza yote: nyama, pilau, viazi vya kukaanga. Ulikula, Dalmas. Ulikula kila nilichokuwekea, mbele yao, ukiwa unatabasamu, na Mama Immaculate akasema, "Angalau anakula." Nilikuona wewe ndiye mwanaume mzuri kuliko wote duniani.

Kisha ukatoka. Nikasema amekwenda kupunga upepo. Nilipokufuata nilikukuta nyuma ya tangi la maji, umeinama, mkono umebana hapa kulia chini ya mbavu, jasho linakutoka kana kwamba umenyeshewa. Ukasema ni vidonda vya tumbo. Ukasema nisiwaambie. Asubuhi ukaondoka kabla ya siku yako, na ulipokuwa ukivaa niliona mkanda. Una tundu ambalo fundi wa mkanda hakulitoboa, upande wa ndani, limechomwa kwa moto. Nilipouliza ulisema mkanda ulikuwa mrefu tangu mwanzo.

Sikuandika hayo ili nikuchoshe. Nimeandika kwa sababu leo Muiruri amerudisha kontena tupu, na salamu. Amesema hivi, nami nanukuu: "Owino anakusalimia sana. Mwambie shemeji, chapati zake zimenihamisha tundu mbili za mkanda."

Owino. Tundu mbili.

Kwa hivyo ni Owino niliyekuwa nikiamka alfajiri ya Jumamosi kumpikia. Ni Owino aliyekula samli ya mama yangu. Nilikaa na hilo kontena mapajani, nikalinusa, lilikuwa limeoshwa vizuri kwa sabuni. Mtu anayekupenda anaosha chombo chako hivyo? Au ni mtu asiyetaka uone?

Kama kuna mwanamke huko anayekupikia, niambie tu. Nitalia nimalize. Lakini usinifanye nimpikie mwanaume mwingine nikidhani nakushika mkono.

Wiki hii hakuna kontena.

Nangila


Kaptembwo
Jumatatu, 15 Aprili

Kwa mama mkwe wangu Nekoye, Njoro

Shikamoo Mama,

Nakuandikia kwa sababu masikio yako na simu havielewani, na msichana wa ploti yetu anayesoma chuo huko amekubali kukufikishia. Natumaini ng'ombe amepona mguu.

Mama, mimi ni mgeni katika familia hii na sijui kama ninaruhusiwa kuuliza. Dalmas amekonda. Chakula ninachomtumia anampa mwenzake. Pasaka alishikwa na maumivu upande wa kulia, akasema ni vidonda vya tumbo. Nilimwandikia barua yenye hasira na hajajibu. Jumapili mbili hajapiga simu.

Je, alikuwa hivi alipokuwa kijana? Au kuna jambo ninakosea?

Mwanao,
Nangila


Njoro
Aprili 19

Mwanangu Nangila,

Ng'ombe amepona. Asante kwa sukari.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, halafu nikakaa. Hukosei. Sikiliza nikuambie kuhusu mzee wangu Sitati, maana Dalmas hapendi kusimulia.

Alifanya kazi kiwandani mjini miaka mingi. Nilipoolewa niliambiwa kama ulivyoambiwa wewe, mume ndiye cheti. Nami nilijua kupika. Kila alichotaka kilikaangwa. Alinenepa, watu wakanisalimia kwa heshima. Baadaye akaanza kujishika hapo hapo, kulia, chini ya mbavu, hasa tukishakula nyama. Alisema ni vidonda vya tumbo. Alikunywa maziwa. Mara moja yalimzidi, wakampiga picha hospitalini wakasema ana vijiwe kwenye kifuko cha nyongo, afikirie kukatwa. Maumivu yakaisha, naye akasema, "Nikatwe kwa nini na mimi ni mzima?" Nikamchinjia jogoo kwa furaha.

Mwaka uliofuata alikuwa amekaa kitandani anafunga viatu aende kanisani. Aliinama hakuinuka. Walisema ni moyo. Sikujua kama vijiwe na moyo vinajuana. Mpaka leo sijui. Hakuna aliyeniambia na mimi sikujua la kuuliza.

Siku ya mazishi wanawake walishika mikono yangu wakasema, Nekoye, ulimtunza mtu wako, tazama alivyokuwa na mwili. Alikufa mnene, mwanangu, na mimi nikasifiwa. Hiyo sifa ninaishi nayo humu ndani peke yangu.

Mtoto wangu anakuficha kwa sababu alimwona baba yake akificha, na kwa sababu hataki uaibike. Usimwache afiche. Mimi nilipikwa na maneno ya watu. Wewe usipikwe.

Mama yenu,
Nekoye


Kaptembwo
Jumamosi, 20 Aprili

Dalmas,

Sijafunga kontena. Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Mama. Isome kabla ya kusoma yangu.

Umeisoma?

Nakuomba msamaha kwa habari ya mwanamke. Nilikuwa mpweke, na mpweke husikia viatu vya watu wasiokuwepo.

Sasa nenda ukapimwe. Usiende kwa muuza dawa wa kona anayekupa vidonge vya kutafuna. Nenda hospitali, uwaambie kuhusu baba. Uwaambie yote mawili, vijiwe na viatu. Sitaki sifa ya mtu yeyote, Dalmas. Sikuolewa na kina mama wa kanisa.

Muiruri ameahidi kukukabidhi hii mkononi. Nimemwambia asipofanya hivyo asikanyage mlango wangu.

Nangila


Naivasha
Jumapili, 28 Aprili

Nangi wangu,

Hakuna mwanamke. Ningependa kuanza hapo.

Maumivu yalianza Januari, wiki tuliyorudi kutoka kwenu. Kila nikila kitu cha mafuta, baada ya muda kidogo ni kama mtu anaingiza koleo hapa kulia na kuzungusha, mpaka begani nyuma. Nikajua. Nilimwona baba. Nikaamua kutokula. Nilikuwa nakula ugali mkavu na chai ya rangi, siku nyingine sili kabisa, na kuku wako nampa Owino, halafu nakaa karibu naye anapokula ili angalau nisikie harufu ya nyumba yetu. Kontena niliosha mimi mwenyewe. Niliosha polepole. Sikutaka kulitoa mkononi.

Tundu la mkanda nililichoma kwa kijiti cha kuchomelea.

Ningekuandikia nini? "Mke wangu, usinipikie"? Mwezi wa pili wa ndoa, na wale wamama wanangoja mkanda?

Nimekwenda hospitali. Owino alinipeleka, analia kama mtoto, anasema alidhani mimi ni mkarimu tu. Walinipaka mafuta baridi tumboni wakanipiga picha, wakanionyesha: vijiwe, vimelala pamoja kama kokoto kwenye mfuko. Daktari alinigombeza kwa kujinyima. Alisema mtu akikonda haraka namna ile vijiwe huweza hata kuongezeka. Kwa hivyo nilikuwa najitesa na kuvilisha kwa wakati mmoja.

Nilipomwambia habari ya baba aliweka kalamu chini. Nikamuuliza swali la Mama: vinajuana? Nakuandikia jinsi alivyonieleza. Alisema kijiwe hakitoki kwenye nyongo kikapanda moyoni, niondoe hiyo picha. Lakini watu wenye vijiwe, wakifuatiliwa miaka mingi, huonekana kupata magonjwa ya moyo na mishipa zaidi kidogo kuliko wasio navyo. Si wote, na hakuna awezaye kusema kwa hakika ni kwa nini. Wanafikiri sehemu kubwa ni kwamba vinavyolea kimoja hulea na kingine: mafuta kwenye damu, presha, sukari, uzito. Akasema, "Vijiwe ni mtu amekugongea mlango. Baba yako labda aligongewa. Wewe fungua uone nani mwingine yuko nje."

Tukafungua. Walinibandika nyaya kifuani, moyo kwa sasa uko sawa. Mafuta kwenye damu yamezidi. Presha iko juu, Nangi, nami sikuwahi kuhisi chochote. Nimepewa dawa. Na kifuko kitaondolewa, mwezi wa sita, hapo Nakuru, kwa matundu madogo. Daktari alinionya kwamba maumivu yakiisha nisifikiri nimemaliza. Hilo la presha ni la kubaki nalo.

Naogopa. Nimechomelea juu ya mvuke uwezao kumchuna mtu, sikuogopa. Lakini kila asubuhi nikiinama kufunga viatu ninasimama kwanza nusu njia.

Je, utakuwepo?

Dalmas


Kaptembwo
Jumanne, 30 Aprili

Nitakuwepo. Hiyo ndiyo barua yote. Muiruri anapita leo na sitaki ingoje Jumamosi.

Kula kitu. Ugali, mboga za kuchemsha, maharagwe. Mara kwa mara na kidogo kidogo.

Nunua viatu visivyo na kamba.

N.


Kaptembwo
Jumapili, 14 Julai 2024

Dalmas wangu,

Umeondoka jana na nyumba imerudi kuwa na pembe.

Nimekuwa nawe wiki hizi zote nikadhani nimeshiba, kumbe. Nilizoea kukusikia ukipumua. Wakati ule hospitalini, walipokusukuma ndani na mlango ukafungwa, nilikaa na Mama kwenye benchi. Alikuwa ameshika viatu vyako. Ulipotoka ukauliza, ukiwa bado na dawa kichwani, "Kina mama wamekuja?" ndipo Mama akacheka, halafu akalia, na mimi nikamshika. Sikukuambia hilo. Anasema alikuwa hajalia tangu mazishi.

Leo nimepika kunde. Nimezichemsha na nyanya na maziwa kidogo, kama ulivyozipenda. Hazitoi kelele. Mama Travis amegonga ukuta: "Mwali, mbona siku hizi hatusikii sufuria yako? Bwana amekukataza gesi?" Nikamjibu, "Bwana amenikataza kuwa mjane." Baadaye amekuja mlangoni, akaniuliza presha inapimwa wapi, maana baba Travis pia hujishika tumbo akishakula.

Kanisani niliulizwa. Mama Immaculate alisema mbele ya wote, kwa ile sauti yake tamu, "Tumemwona bwana harusi akipita na begi. Mbona mkanda umeingia ndani badala ya kutoka?" Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi, unanijua. Lakini yote yalinikimbia. Nilisema, "Umeingia kwa sababu yuko hai." Kisha nikaketi. Mwanamke wa nyuma yangu alinigusa bega. Sikugeuka kuona ni nani.

Sasa sikiliza. Lile tundu ulilolichoma ulilichoma ukiwa peke yako, ukiwa umejificha kwangu. Sikulipenda. Kwa hivyo usiku wa kuamkia safari nilichukua mkanda wako nikapasha msumari kwenye jiko, nikatoboa jingine karibu yake. Halikunyooka, limekwenda pembeni kidogo. Ukiutazama vizuri utaliona. Kama daktari atataka upungue tena, polepole, kwa chakula na si kwa njaa, tundu lipo tayari. Na kama hutalihitaji, basi liwe tu pale.

Kontena la Jumamosi litakuja. Kuna maharagwe, viazi vitamu, mboga. Mgawie Owino, maskini, na yeye akapimwe.

Meza vidonge vyako asubuhi, hata siku unazohisi wewe ni mzima. Hasa siku hizo. Ukimaliza kufunga viatu, nitumie ujumbe wa neno moja kabla ya kuacha simu getini. Neno lolote. Nitakuwa macho.

Koti lako la mvua umelisahau. Au umeliacha. Sitauliza.

Rudi mwembamba, mpenzi wangu. Wacha waseme. Rudi tu.

Nangila Sitati